Meli za mizigo za Ziwa Victoria zilitoka wapi, na mizigo yake ilikwenda wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kemondo, mkoani Kagera. Marehemu babu yangu alikuwa kuli bandarini, na alizoea kutusimulia habari za meli za mizigo zilizokuwa zikipishana usiku na mchana, nyingine zikiwa zimebeba mabehewa ya treni mazima mazima. Sisi wajukuu tulidhani anatia chumvi, maana Kagera haina reli. Siku hizi bandarini naona meli moja moja tu. Naomba unieleze: MSCL, kampuni ya serikali yenye meli hizi, ilianzaje, meli zake zilitoka wapi, na mizigo yote ile ilikwenda wapi?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako. Hakutia chumvi hata kidogo. Mabehewa yalikuwa yakifika Kemondo, yakipakiwa Kemondo, na kuondoka Kemondo, ingawa hakuna reli inayotoka hapo kwenda popote nchi kavu.

Umeuliza mambo matatu, lakini jibu lake ni moja, nami nitalitaja mapema. Meli za mizigo za ziwa letu hazikuanza kama biashara ya meli. Zilianza kama reli. Reli ndiyo iliyozinunua, ikaziunganisha katika karakana zake, ikazipangia ratiba na kuwalipa mishahara manahodha wake. Mzigo ulikatiwa stakabadhi moja tu, iwe utapita kwenye chuma au kwenye maji. Kwa hiyo reli ilipokuwa na afya meli zilijaa, na reli ilipougua meli zilifungwa kamba gatini. Watu wengi wanaoandika habari za meli hizi huzitazama zenyewe tu, injini zake na ajali zake, wasione kwamba sababu ya kustawi na kuanguka kwake mara nyingi ilikuwa nchi kavu, mamia ya kilomita kutoka majini.

Tuanze na ilikotoka meli ya kwanza. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto wake wa kutokea, Nile, unashuka kwa maporomoko. Hakuna meli iliyowahi kuingia ziwani humo kwa kupandisha mto. Kila meli kubwa ya chuma unayoisikia ilikuja kwa vipande, au iliundwa palepale ufukweni. Meli ya mvuke ya kwanza kubwa, SS William Mackinnon, ilitengenezwa na kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, Scotland, miaka ya katikati ya 1890, wakati reli kutoka Mombasa ilikuwa bado iko mbali kabisa na ziwa. Vipande vyake vilishushwa Mombasa, vikasogezwa kadiri reli ilivyosogea, na pale reli ilipoishia vikabebwa na wapagazi. Fikiria mtu anatembea wiki baada ya wiki na kipande cha ubavu wa meli kichwani, akipita nchi ambayo wenyeji wake, Wanandi hasa, hawakuwa wameukubali ujio ule. Meli ile ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Ilikuwa ndogo, lakini ilitangulia treni kufika ziwani! Kichwa cha kwanza cha treni kilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901.

Reli hiyo iliitwa Reli ya Uganda, ingawa wakati huo haikuifikia Uganda kama tunavyoijua leo. Ilikomea Kisumu, na shehena iliyokuwa inaitafuta ilikuwa ng'ambo ya maji. Kwa hiyo wenye reli wakaagiza meli nyingine kutoka kiwanda kilekile cha Paisley: Winifred na Sybil kwanza, kisha Clement Hill, na kufikia mwaka 1907 ikaja Nyanza, ambayo iliundwa hasa kwa ajili ya mizigo. Pamoja nazo zilikuwepo tagi, yaani meli ndogo za kuvuta, na matishari yanayovutwa nazo. Usizidharau tagi, mwanangu. Meli yenye sitaha ya abiria ndiyo inayopigwa picha, lakini tishari halina injini wala vyumba. Ni tumbo tupu la chuma linalojazwa hadi kikomo na kuvutwa. Unaweza kuliacha gatini siku nzima likipakiwa taratibu, huku tagi imekwenda kuvuta jingine. Biashara ya pamba ilihitaji chombo cha namna hiyo.

Pamba ililetwa kwa wakulima wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900, na katika miaka michache ikawa ndiyo uchumi wa nchi. Kila robota lililotoka Buganda kwenda Ulaya lilipita Port Bell, likavuka ziwa hadi Kisumu, likapanda treni hadi Mombasa. Wajerumani nao, waliokuwa wakitawala upande wetu, walijikuta wanategemea meli za Waingereza: ngozi, karanga, pamba na buni ya Bukoba na Mwanza vilisafirishwa na meli za Reli ya Uganda, kwa sababu reli ya kati ya Wajerumani ilikuwa bado haijafika ziwani, na msafara wa miguu hadi Dar es Salaam ulikuwa mrefu na ghali. Kwa hiyo tangu mwanzo meli hizi hazikujua mpaka. Zilifuata mzigo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilizikuta kazini. Meli mbili mpya, Usoga na Rusinga, zilizotengenezwa Paisley mwaka 1913, zilikuwa ndiyo kwanza zinaunganishwa Kisumu. Meli za mizigo zikafungwa mizinga. Sybil ilikwama mwambani upande wa Wajerumani, huko Majita, Novemba 1914, ikaja kuokolewa baadaye. Na kwenu, Juni 1915, meli hizi ndizo zilizobeba askari kutoka Kisumu kwenda kuivamia Bukoba na kubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mji ulishikwa siku ya pili, mnara ukaangushwa, askari wakapakiwa tena melini na kuondoka. Wazee wa Bukoba walikuwa na simulizi nyingi juu ya siku zile, na ningekuomba uwaulize waliobaki wangali hai wanaokumbuka waliyoambiwa na baba zao.

Hapa niruhusu nitoke Victoria kidogo niende Tanganyika, kwa sababu kampuni unayoiuliza ina meli katika maziwa matatu, Victoria, Tanganyika na Nyasa, na ile ya Tanganyika ina historia inayofanana na hii hatua kwa hatua. Wajerumani waliagiza meli Graf von Goetzen kwa Meyer wa Papenburg, ikatengenezwa mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Meyer waliletwa kuiunganisha. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanalazimika kuikimbia Kigoma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini mafundi walikuwa wamezipaka injini grisi nzito kwanza, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaingia kazini kwa jina la Liemba. Kitu cha kujifunza hapo ni masanduku yale. Bila reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyokamilika mwaka 1914, Liemba isingekuwepo. Na Liemba yenyewe iliagizwa ili reli ile ipate mzigo kutoka ng'ambo ya ziwa. Reli inazaa meli, meli inailisha reli.

Turudi kwetu. Baada ya vita nchi yetu ikawekwa chini ya Waingereza, meli za Kisumu zikapata bandari zote za ziwa bila kizuizi. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na sasa mzigo wa ziwa ulikuwa na milango miwili ya kutokea baharini: Mombasa kupitia Kisumu, na Dar es Salaam kupitia Mwanza. Watu husema hiyo ndiyo ilikuwa neema, na kwa Mwanza ni kweli. Lakini mwaka 1931 daraja la Nile pale Jinja lilikamilika, treni ikafika Kampala bila kugusa maji. Pamba ya Buganda, iliyokuwa sababu ya kuzaliwa kwa meli hizi, ikapata njia ya nchi kavu tupu. Huo ndio ulikuwa mzigo mkubwa wa kwanza kuondoka ziwani, mwanangu, na uliondoka miaka mingi kabla babu yako hajaanza kazi. Sababu haikuwa uzembe wa mtu wala ubovu wa meli. Reli ilijirefusha, ikawa haihitaji tena chombo cha kuivusha.

Tangu hapo meli ziliishi kwa mzigo wa pembeni ya ziwa ambako reli haikuwepo: Bukoba, Kemondo, Musoma, Ukerewe. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na meli za maziwa zote zikawa chini ya paa moja. Naona kipindi hicho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ndicho ambacho babu yako alikuwa akikisimulia.

Shirika lile liliagiza meli tatu kwa kiwanda cha Yarrow, Glasgow. Ya kwanza ilikuwa Victoria, ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Namna ilivyoletwa inastahili kuelezwa. Kiwandani meli nzima ilisimamishwa kwa bolti, ikawa meli kamili kwa macho. Kisha kila bamba, kila mbavu, kila mlango ukaandikwa namba. Bolti zikafunguliwa, vipande vikafungashwa, vikasafiri kwa bahari hadi Mombasa na kwa treni hadi Kisumu. Huko mafundi wakavipanga upya kwa kufuata namba, na safari hii pale palipokuwa na bolti pakapigwa ribiti ya moto, jambo lisiloweza kufunguliwa tena. Iliingia kazini mwaka 1961. Mafundi wa Kisumu waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika na Wahindi wa karakana ya reli, na ufundi ule haukuishia kwenye meli moja.

Zilizofuata katikati ya miaka ya 1960 ndizo za simulizi ya babu yako: MV Umoja na MV Uhuru, meli pacha za kubeba mabehewa, kila moja ikiwa na urefu wa mita 90 hivi na nafasi ya mabehewa takriban 20. Ukizitazama hazina uzuri wa Victoria. Sitaha yake ni tambarare, imelazwa njia za reli sambamba kwa upana uleule wa reli ya nchi kavu, milimita 1,000. Meli inaisogelea bandari kwa namna maalumu, inafunga, kisha daraja la chuma lenye reli juu yake linashushwa hadi likutane na reli za sitaha. Daraja hilo lina bawaba upande wa nchi kavu, ili lipandishwe au lishushwe kulingana na kina cha maji. Nalo halikuwa anasa: kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili, likafunika magati ya zamani. Aliyejenga bandari ya mabehewa miaka ile alijua kwamba maji ya ziwa hili hayakai mahali pamoja.

Upakiaji wake ni kazi ya akili. Behewa lililojaa ni zito, na ukisukuma mabehewa yote ya upande mmoja kwanza, meli inalala ubavu, reli za daraja na za sitaha zinaachana, na magurudumu yanatoka. Kwa hiyo huingizwa kwa zamu, machache kulia, machache kushoto, huku chini melini pampu zikihamisha maji kutoka tangi hadi tangi kusawazisha. Kisha kila behewa linafungwa kwa minyororo na kabari, maana ziwa letu likichafuka usiku mawimbi yake yanaweza kumfanya mtu wa bahari akae kimya.

Faida yake iko kwenye mgongo wa kuli. Kabla ya meli hizi, gunia la buni la Bukoba lilipakuliwa ghalani kwenda ngamani mwa meli, likatolewa ngamani Mwanza kwenda ghalani, likatolewa tena ghalani kwenda kwenye behewa. Kila kuinuliwa ni gharama, na kila kuinuliwa gunia linachanika, au linapotea. Kwa Umoja, behewa linaletwa tupu Kemondo, makuli wanalipakia likiwa limesimama juu ya vipande vifupi vya reli pale bandarini, mlango unafungwa kwa lakiri, linasukumwa melini, na lakiri hiyo inakuja kukatwa Dar es Salaam. Gunia linashikwa mara moja tu upande huu wa ziwa. Ndiyo maana Kemondo, isiyo na reli, ilikuwa na mabehewa. Na kama babu yako alikuwa kuli wa miaka hiyo, basi kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya behewa zaidi kuliko ngamani.

Sasa tuje kwenye maumivu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Meli ziligawanywa kwa nchi. Victoria na Umoja zikawa za Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila nchi ilipata haki yake. Lakini mfumo ule ulikuwa duara: Kisumu, Musoma, Mwanza, Kemondo, Port Bell, Jinja. Umoja ilibaki Mwanza na pacha wake Kisumu, na katikati yao mpaka uliofungwa. Karakana kubwa iliyoziunganisha meli zote ilikuwa Kisumu pia, vipuri vyake huko, na mafundi wake wengi huko. Mwanza ilibaki na meli, bila hospitali ya meli.

Kwa upande wa Tanzania meli zilikabidhiwa Shirika la Reli, TRC, lililoanzishwa mwaka huohuo. Shirika lilijitahidi, likaongeza meli, ikiwemo MV Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1970. Uganda nayo ilipoona hatari ya kutegemea njia moja ya Kenya, ilinunua kutoka Ubelgiji meli zake tatu za mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa, zilizoanza kazi miaka ya 1980 zikitumia njia ya kusini: Port Bell hadi Mwanza, kisha treni hadi Dar es Salaam. Kwa muda, njia hiyo ilizipa Mwanza na Umoja pumzi mpya.

Halafu yakaja mambo kwa kufuatana, kila moja likichukua fungu lake la mzigo. Ukitaka kujua mizigo "ilikwenda wapi", ifuate moja moja. Mafuta yaliondoka ziwani wakati bomba la Kenya lilipofikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Malori ya Uganda yakawa yanachota hapo na kwenda moja kwa moja. Pamba ya Mwanza na Shinyanga ilibaki na reli yake, lakini kilimo chenyewe kilikuwa kimedhoofu, na vyama vikuu vya ushirika vilivyokuwa vikikusanya mzigo mkubwa kwa wakati mmoja vilikuwa vimeishiwa nguvu. Kahawa ya Kagera, baada ya soko kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, iligawanyika mikononi mwa wengi. Mtu mwenye magunia machache hangoji meli ya tani mia kadhaa, anatafuta lori. Samaki, hasa sangara, hata hawakuwahi kuwa mzigo wa meli hizi, maana minofu inataka barafu na haraka. Na magugu maji yalipotanda miaka hiyohiyo ya 1990, ghuba ya Kisumu ilizibwa kiasi kwamba vyombo vilishindwa kutoka.

Kilichobaki kwa meli, upande wa Kagera, kilikuwa abiria na ndizi. Hapo ndipo ilipotokea MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kupitia hapohapo kwenu Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa imesajiliwa kuchukua abiria 430. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa pamoja Igoma. Sitaandika zaidi juu ya siku ile, kwa sababu huenda jamaa zako wamo. Nitasema tu linalohusu swali lako: meli iliyotegemea abiria kulipia safari ilibeba na mzigo wa ndizi juu ya watu. Palipokuwa na mabehewa ya kutosha na mizigo ya reli, abiria hawakuwa ndio wanaobeba gharama yote ya safari. Mfumo ulipokufa, meli za abiria ndizo zilizogeuzwa kuwa za kila kitu.

Kampuni unayoiuliza, MSCL, yaani Kampuni ya Huduma za Meli, ilisajiliwa mwaka 1997 na makao yake yakawa Mwanza. Ilimegwa kutoka TRC wakati serikali ilipokuwa ikiandaa reli kubinafsishwa. Ilirithi meli zaidi ya kumi za maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa: Victoria, Umoja, Serengeti, Butiama, Liemba, Mwongozo, Songea, Iringa na nyinginezo. Ilirithi pia uzee wake. Miaka ya karibuni imebadilishwa jina na inaitwa TASHICO.

Nataka uelewe kosa la uamuzi ule, maana kwangu ndilo lililomaliza mizigo kuliko hata barabara. Kwanza meli zikatenganishwa na reli. Baadaye bandari za maziwa zikawekwa chini ya Mamlaka ya Bandari, TPA. Kisha mwaka 2007 reli yenyewe ikakodishwa kwa mwekezaji, mkataba ambao haukudumu. Mzigo uliokuwa na stakabadhi moja ukawa na wenyewe watatu. Mwenye Umoja hakuweza kumwamuru mwenye mabehewa amletee mabehewa. Mwenye mabehewa, akiwa na machache yanayotembea, aliyapeleka kwenye faida ya karibu, naye mwenye bandari hakuona sababu ya kutengeneza daraja lisilopita kitu. Hakuna hata mmoja aliyefanya jambo la ajabu, kila mtu alilinda mfuko wake. Lakini meli ya mabehewa bila mabehewa ni sitaha tupu ya chuma inayokula rangi na mafuta.

Upande wa Uganda mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Mei 2005 Kabalega iligongana na pacha wake Kaawa, ikazama, na nyingine nazo zikakaa muda mrefu bila kazi. Njia ya kusini ikafa. Victoria nayo ikasimama miaka ya 2010 kwa ubovu, na Kagera ikabaki na malori na mabasi.

Kuhusu ulichokiona wewe, "meli moja moja", hali imeanza kubadilika. Mwaka 2018 Umoja ilirudi majini baada ya matengenezo, na Juni mwaka huo njia ya Dar es Salaam, Mwanza hadi Port Bell ikafunguliwa tena, ikianza na chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Kenya nayo ikafufua Uhuru mwaka 2019, ikawa inavusha mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell. Mwanza Kusini pakajengwa chelezo, yaani mahali pa kuundia na kutengenezea meli, na Victoria ikakarabatiwa na kurudi safari za Bukoba mwaka 2020. Februari 2023 ikashushwa majini MV Mwanza, iliyoundwa hapohapo Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Linganisha tani hizo na tani za mabehewa 20 ya Umoja, utaona kwamba meli mpya kubwa kuliko zote ni ya watu kwanza, mizigo baadaye. Wakati huohuo daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na lori linalotoka Mwanza kwenda Bukoba sasa halingoji kivuko. Kwa mzigo mdogo wa haraka, meli haitalishinda lori hilo, na haina sababu ya kujaribu.

Kile ambacho meli inaweza kushindania ni mzigo mzito, wa bei ndogo, usio na haraka, unaokwenda mbali: saruji, mbolea, nafaka, mafuta, chuma, kutoka bahari ya Dar es Salaam hadi Kampala. Kwa mzigo huo maji bado ni njia nafuu kuliko lami. Lakini hapa kuna jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Reli mpya ya SGR inayojengwa kuja Mwanza ina upana wa milimita 1,435. Reli za sitaha ya Umoja ni za milimita 1,000. Behewa la SGR haliwezi kuingia Umoja, hata likisukumwa na jeshi zima. Kwa hiyo ama mzigo wa SGR utahamishwa Mwanza kwa kreni, kontena kwa kontena, ama itajengwa meli mpya yenye reli za upana mpya pamoja na madaraja mapya ya bandarini, ama Umoja itaendelea kulishwa na reli ya zamani tu. Mimi naegemea kontena, kwa sababu kontena halijali upana wa reli, na linaweza kupanda lori Port Bell bila kufunguliwa. Kinachohitajika ni kreni zenye nguvu pande zote mbili na stakabadhi moja tena, hata kama taasisi zitabaki tatu.

Kuhusu babu yako, ukipata nafasi fika Mwanza Kusini uombe ruhusa kwa njia ya kawaida kuingia bandarini siku Umoja ikiwa gatini. Simama kwenye daraja la mabehewa uangalie bawaba zake. Halafu ukirudi Kemondo, tafuta vipande vya reli vilivyobaki pale bandarini na uwaonyeshe wadogo zako.